Rodah Chelangat Ashuka Mnarani Baada ya Miaka Thelathini na Mmoja

Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, Bi. Rodah Chelangat anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na mmoja kiwandani. Fundi wetu mkuu wa mota anarudi kwake Kiptere akiwa na vidole vyote kumi. Ukimuuliza amefaulu nini kazini, hilo ndilo hulitaja kwanza.

Aliajiriwa mwaka 1994 kushona magunia katika idara ya kufungasha. Mota ya cherehani yake ilipoungua mara ya tatu, aliifungua mwenyewe akaitengeneza, na ikazunguka. Badala ya kumkaripia, mhandisi alimhamishia karakana. Stoo haikuwa na gambuti za kumtosha, kwa hiyo mwaka mzima alivaa namba tisa na soksi tatu.

Kiwanda chetu hutengeneza chai ya unga, na mitambo yake hutoa maji ya moto mchana kutwa. Maji hayo hupandishwa kwenye minara miwili nyuma ya boila. Juu ya kila mnara kuna feni kubwa inayovuta hewa kutoka ubavuni na kuitoa juu, na maji yanashuka yakiwa yamepoa. Bi. Rodah ndiye aliyezitunza mota za feni hizo. Alitia grisi, alikaza boliti, na alisikiliza kila beringi kwa bisibisi ndefu aliyoiegemeza sikioni. Kabla ya kusafisha tangi la chini aliwatoa vyura kwa ndoo na kuwapeleka mtoni. Fundi aliyemcheka alipewa ndoo ya pili.

Lakini mimi, Jairus Okoth wa chumba cha mitambo, nina deni la kueleza yaliyotokea Julai 2011.

Wiki hiyo Bi. Rodah alirudisha mahali pake mota ya mnara wa pili iliyokuwa imesukwa upya nyaya zake za ndani, kisha akaondoka haraka kwenda likizo, kwa maana binti yake alikuwa anaolewa. Siku ya pili, mnara huo ulipowashwa nikiwa zamu, maji yalianza kurudi yakiwa moto. Nilikagua vali zote na kuandika kila kipimo. Mafundi walitazama juu, wakaona feni inazunguka, wakasema mnara hauna shida. Chai ya siku nzima iliharibika. Wakubwa waliamua kwamba nilisahau kufungua vali, nami nikasimamishwa kazi kungoja kikao cha nidhamu. Mke wangu, Molly, alikuwa na mimba ya miezi minane, na nyumba tuliyoishi ilikuwa ya kiwanda. Alianza kufunga vyombo.

Bi. Rodah alirudi asubuhi ya kikao. Hata kabla ya kuvaa ovaroli aliona kwamba mvuke wa mnara wa pili haupandi. Alisogeza leso ubavuni, mahali ambapo hewa huvutwa ndani. Leso ilisukumwa nje. Feni ilikuwa inazunguka kinyume kwa sababu waya mbili za mota zilibadilishana nafasi, na aliyezifunga ni yeye. Angeweza kuzigeuza kwa dakika kumi, na hakuna ambaye angejua.

Alizima swichi, akaifunga kwa kufuli, akaingia kikaoni na gambuti zenye matope.

"Okoth hana makosa," alisema. "Waya nilifunga vibaya mimi. Nilikuwa na haraka, sikupima upepo. Kama kuna barua ya onyo, iandikwe jina langu."

Meneja alimuuliza kama anaelewa anachosema. Alijibu, "Naelewa sana. Mwacheni huyu kijana arudi kwa bibi yake."

Ombati wa stoo alinishika mkono hadi mlangoni, nikaketi kwenye ngazi nikapumua kama mtu aliyetolewa majini. Jioni hiyo Molly alirudisha sufuria rafuni.

Bi. Rodah alipata barua yake ya onyo, na cheo cha fundi mkuu kikamchelewa miaka miwili. Hakulalamika. Alichora mishale myekundu kwenye kila mota kuonyesha upande wa kuzungukia, na tangu hapo hakuna feni iliyozunguka kinyume katika kiwanda hiki. Mafundi saba aliowafunza wanaendelea na kazi, miongoni mwao Bi. Janeffer, ambaye anachukua nafasi yake.

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya, alikubali kwa sharti moja: nisilifiche kosa lake. Nimetii. Anasema anachongoja zaidi ni mvua kubwa ya usiku, asikie ikipiga mabati, ajigeuze upande wa pili na kulala, kwa sababu mota zinazolowa si zake tena.

Asante, Mama, kwa chai yote iliyotoka salama, na kwa asubuhi ile. Ng'ombe wako wakupe maziwa tele, magoti yako yasahau ngazi, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Binti yetu anatimiza miaka kumi na minne mwezi huu. Anaitwa Rodah.