Ukurasa wa Delfina Repetto Ukutani

Baada ya miaka thelathini na sita ya kuliandikia gazeti letu vita vya watu wengine, Delfina Repetto anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nasema rasmi, maana ameshatuaga mara mbili huko nyuma. Mara zote mbili tulikula keki, tukapiga makofi, na haukupita muda tukamsikia kwenye simu, yuko mpakani mwa nchi fulani, anaomba nafasi ukurasa wa kwanza. Kamati ya sherehe imenisihi niandike wasifu huu bila kinyongo. Kinyongo sina. Nina mashaka tu, na hapa Genova mashaka bado hayatozwi kodi.

Alizaliwa mtaa wa Sampierdarena, juu ya duka la baba yake mwokaji mikate. Kwetu alianzia habari za bandari: meli, migomo, bei ya samaki. Kisha akaomba apelekwe vitani kwa majuma mawili, na tangu hapo kiti chake ofisini kikawa cha kuwekea makoti. Ameandika vitabu vinne kuhusu vita na kimoja kuhusu paka, ambacho ndicho kilichonunuliwa.

Mimi, Amedeo Sciaccaluga, ndimi niliyekuwa nikipokea habari zake kwa simu. Yeye anasoma huko, mimi napiga chapa huku. Alikuwa na sharti moja: mwandishi hajitokezi ndani ya habari yake. Siku moja alituletea habari ya gari lililomiminiwa risasi, abiria wakanusurika. Kwamba abiria mmojawapo alikuwa yeye, tulikuja kuambiwa na dereva.

Halafu ikaja habari ya mwokaji. Ilikuwa majira ya baridi, katika mji wa milimani uliozingirwa. Delfina aliandika juu ya mtu aitwaye Nedim, aliyewasha tanuri kwa miguu ya viti na kulisha mtaa mzima mkate bapa uliobonyezwa kwa vidole, ukamiminiwa maji ya chumvi na tone la mafuta ya zeituni. Yaani fokacha. Yaani mkate wetu.

Siku ya kwanza Genova nzima ililia. Siku ya pili ikaanza kuuliza maswali. Fokacha, huko milimani? Wakati Savona tu, hapo jirani, hawauwezi? Simu zikamiminika. Mhariri wa wakati ule akasema, "Huyu mama ana njaa, anaota mkate wa kwao." Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya tuzo ya uandishi ya mwaka ule. Naye alijibu neno moja tu, kwamba ameandika alichokiona.

Mimi nilikuwa na ushahidi wangu. Usiku ule wa habari nilimsikia anatafuna. Mwandishi aliye kwenye mji wenye njaa anatafuna nini? Tena kuna lile debe dogo la mafuta ya zeituni, ambalo halikukosekana kwenye begi lake. Alidai ni la nywele. Nywele zile mnazijua, hazijawahi kuona hata kitana.

Sasa, wote tunajua desturi ya ngazi za ofisi yetu: kila anayestaafu hutundikiwa ukutani ukurasa mmoja wa kazi yake. Delfina akachagua ule wa mwokaji. Mkurugenzi akaniita. "Amedeo, ukurasa wenye shaka hautundikwi kwangu. Mwambie achague mwingine." Nikamwambia. Akajibu, "Basi msitundike kitu." Ndivyo alivyokuwa anaelekea kuondoka, ukuta mtupu nyuma yake, na kila mpita ngazi akikumbushwa kwamba alitunga.

Wakati huohuo akawa anashikilia kwamba mikate ya sherehe iagizwe kwa mwokaji fulani mpya wa mtaa wa Marassi. Pinuccia wa mapokezi akaninong'oneza, "Lazima ni shemeji yake." Nami niliwaza hivyohivyo.

Alhamisi iliyopita mwokaji akaleta trei za kuonja. Mzee mrefu, unga hadi kwenye nyusi. Tukampa kahawa ya maziwa. Akakata kipande cha fokacha, akakigeuza upande wa chumvi uguse ulimi, akakichovya kwenye kahawa, akala.

Hivyo ndivyo hasa tunavyoula sisi watu wa Genova. Wageni huishi hapa miaka kumi bila kuthubutu kufanya hivyo. Watu wa Milano hugeuza uso.

"Mzee," nikamuuliza, "hiyo umejifunza wapi?"

"Kwetu, chini ya duka langu, mabomu yakianguka. Tulichovya kwenye maji ya shayiri ya kukaanga. Huyu dada alinikuta naoka mikate migumu kama tofali, akanisukuma kando, akatoa mafuta kwenye begi. Anafoka huyo! 'Bonyeza, bwana, unga haukuumi!'"

"Na wewe ukamwaga chumvi ya mwezi mzima," Delfina akasema.

"Trei ya kwanza uliiunguza wewe, Delfina. Hilo uliwaandikia?"

Pinuccia akashika kiuno. "We mama! Miaka yote hii kwa nini hukusema?"

"Mngeweka picha yangu, nina unga puani, na Nedim huyu mngemkata. Mimi nilikaa pale siku chache. Yeye alioka hadi theluji ikayeyuka."

Basi naomba ieleweke kwamba tulishuku, na hatukukosea. Kuna mtu alifichwa kwenye habari ile, naye ni Delfina Repetto. Niliona uchungu na fahari kwa pamoja, mdomo ukiwa umejaa fokacha.

Ukurasa umeshatundikwa, ngazi ya pili, penye mwanga. Mkurugenzi alitaka kuongeza chini yake nani alimfundisha nani. Delfina amekataa katakata. Ndiyo maana nimeyaandika hapa, mahali asipoweza kuyafuta.

Dada Delfina, asante kwa kazi yako, na asante kwa kunyamaza, ingawa ulituudhi. Nilikuwa nikuombe jambo moja: uliache lile debe mezani, tukiliona tuamini kwamba safari hii umestaafu kweli.

Asubuhi hii nimepita kwenye meza yako. Imefutwa vizuri, na debe halipo.

Tunakuombea heri na afya njema huko linakokwenda. Namba ya simu yangu ni ileile.