Koplo Sipriani Likwata na Kifaa cha Setilaiti

Baba Paroko, ndugu, jirani na nyote mliotoka mbali, mimi ni Valerian, kaka wa marehemu, na kwa kuwa mkubwa ndiye husema kwa niaba ya ukoo, leo angalau hakuna wa kunitangulia.

Sipriani alizaliwa Mingoyo tarehe 12 Machi 1961, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1975, akajiunga na Polisi mwaka 1981, na tarehe 4 Oktoba 1986 akafunga ndoa na Brigita, wakajaliwa watoto wanne, wote wamefaulu shule, sijui kwa nini Mungu hakutugawia sawa.

Mwaka 1999 alipelekwa Dar es Salaam kujifunza kifaa kinachopokea ishara za setilaiti na kuonyesha mahali boti ilipo, akarudi nacho kwenye doria ya Kilwa, na kila alipokibonyeza juu ya mwamba, wavuvi wa Kinjumbi walidai anawapimia wawekezaji bahari yao, wakaacha hata kuitikia salamu yake, jambo lililonipendeza, maana tangu utotoni watu walimpenda yeye kuliko mimi.

Tarehe 9 Agosti 2001 doria yao ilikamata mtumbwi wa vijana wa Kinjumbi, akiwamo mwanangu Nikodemu, wakashtakiwa kwa kuvua ndani ya eneo lililokatazwa, na mkubwa wake mmoja akamtaka akaseme hivyo mahakamani, lakini yeye akasoma namba za kile kifaa alizochukua palepale walipokamatwa, zikaonyesha kuwa walikuwa nje ya mpaka, vijana wakaachiwa, naye hakupandishwa cheo tena. Tangu hapo Kinjumbi nzima ikawa yake, na Nikodemu akahamia kwake, akawa anamwuliza yeye kila jambo, hata posa yake aliipeleka Sipriani, mimi nikaarifiwa tu.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2004, akalazwa Lindi, akafariki alfajiri ya tarehe 17 Mei, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nikodemu, mimi nikiwa getini, kwa kuwa aliruhusiwa kuingia mtu mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, askari wenzake, majirani, na ninyi wa Kinjumbi mliojaa hadi barabarani, ingawa siku yangu sidhani mtafika nusu.

Nikodemu ameniomba nisiseme amefiwa na baba mdogo, niseme amefiwa na baba. Nimesema.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu.