Hotuba ya Juzi

Maneno ya jirani safarini hayasikilizwi. Ndiyo maana behewa zima, nami nikiwemo, lilinyamaza. Mama mmoja, kompyuta mapajani, alimlalamikia fundi wa kompyuta aliyeketi kando yake: "Kaka, hotuba ya harusi ya binti yangu nimeirekebisha hadi imekufa. Ile ya kwanza nimeifuta kwa kuandika juu yake, imepotea."

"Programu ya kuhifadhi nakala haisahau, dada. Bonyeza hapo, chagua ya juzi."

Hotuba ikarudi. Fundi akaisoma, akakunja uso. "Lakini humu unasema mkwe alivunja kiti siku ya kwanza kufika kwenu! Ya leo ina adabu."

"Adabu gani? Hiyo ni ya kusomwa kaburini!"

Kwa maoni yangu, fundi alisema kweli. Gari moshi liliposimama, walikuwa wangali wakibishana. Mama alishuka akiisoma ya juzi kwa sauti, na waliotaka kupanda wakampisha huku wakicheka.