Fundi Majira na Siku Isiyoandikiwa Jioni

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Majira, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1950, mtoto wa kwanza kati ya watano wa mshona viatu na mkewe. Familia imempa mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile, kazi ya kuandika wasifu huu na kuusoma. Walimwambia, "Wewe ndiye mwenye kalamu." Kalamu hiyohiyo ndiyo inayomfanya asimame hapa macho chini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964. Alifaulu, lakini baba aliugua macho, naye akabaki nyumbani kushona viatu ili wadogo zake wasome. Jioni alimshika mdogo wake mkono juu ya karatasi ya mfuko wa sukari, akimfundisha herufi. "Usiikabe kalamu, si kuku wa kuchinja," alimwambia. Mdogo wake alifika sekondari. Yeye hakufika.

Mwaka 1968 alianza kujifunza kutengeneza saa, na mwaka 1974 akafungua kibanda chake karibu na stendi ya mabasi: meza moja, dirisha moja, na ukuta uliojaa saa, kila moja na wakati wake. Mpita njia akiuliza, "Fundi, saa ngapi sasa?" alijibu, "Usiwaulize hao, wote wagonjwa. Kamuulize muuza magazeti."

Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na mshonaji wa nguo wa kibanda cha jirani. Alichelewa kanisani dakika arobaini kwa sababu saa yake ilisimama. Bibi harusi akamwambia mbele ya mchungaji, "Kweli mganga hajigangi." Walijaliwa watoto watatu, na tangu siku ile hakuchelewa tena popote.

Alifundisha shule ya Jumapili kuanzia 1983. Tarehe 8 Machi 1998 alikuwa akifundisha habari za uumbaji, na binti wa miaka tisa akamuuliza, "Mwalimu, jua liliumbwa siku ya nne. Sasa zile siku tatu za mwanzo zilipimwaje?"

Marehemu alicheka. "Mwanangu, nafungua saa za watu kila siku, lakini hiyo ya Mungu sijaifungua. Huenda siku ile ilikuwa kama hizi zetu, huenda ilikuwa miaka na miaka. Sijui. Ninachojua ni nani aliyeifanya."

Wiki haikwisha kabla maneno hayo hayajawafikia wazee wa kanisa. Jumamosi likaitwa baraza, na katibu wake alikuwa mdogo wa marehemu. Marehemu alirudia aliyoyasema, hakupunguza wala kuongeza. Mzee mmoja akamgeukia katibu: "Au kwa kuwa ni kaka yako, hatumgusi?" Katibu aliogopa kuonekana anamkingia nduguye kifua. Akaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba mwalimu amewaambia watoto Biblia inadanganya.

Marehemu hakusema hivyo. Maneno hayo yaliandikwa na mkono alioufundisha yeye mwenyewe. Mchungaji, ambaye hakuwepo kikaoni, aliyasoma, akamsimamisha kufundisha.

Kwa miaka ishirini na sita marehemu alikaa benchi la mwisho, mlangoni. Saa ya ukutani ya kanisa iliposimama, katibu ndiye aliyempelekea habari. Alikuja na ngazi yake, akaitengeneza, akauliza hali za watoto, akaenda zake. Kila mara katibu alijiambia: nitasema Jumapili ijayo.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023. Tarehe 15 Juni 2024, wodini, mdogo wake alijikaza.

"Kaka, yale maneno niliyaandika mimi. Wewe hukuyasema."

"Najua. Mchungaji alinionyesha karatasi. Mwandiko wako nisiujue?"

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, wangekuondoa wewe. Mimi nina saa zangu. Wewe bila ukatibu una nini?"

Mdogo wake alilia, akaomba msamaha.

"Nilishakusamehe zamani, bwana. Ila hukuniandikia mimi, uliwaandikia wao. Kawaambie wao." Akapumzika kidogo, kisha akasema, "Halafu kaitazame siku ya saba katika kitabu cha Mwanzo. Zile sita zote zina jioni na asubuhi. Ya saba haikuandikiwa jioni. Nimeitafuta miaka yote pale mlangoni, sijaiona."

Jumapili tano zilipita, na kila moja katibu alipata sababu. Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 17 Julai 2024, saa nne asubuhi, kabla hajasafishwa jina.

Basi mdogo wake anawaambia leo, mbele ya jeneza, jambo alilopaswa kulisema kaka yake akisikia: kumbukumbu zile ni za uongo, na mwongo ni aliyeziandika. Binti aliyeuliza swali ni mtu mzima sasa na yuko hapa. Dada, jibu ulilopewa siku ile lilikuwa la mtu mcha Mungu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada wawili, na mdogo wake huyu. Ndugu mmoja alimtangulia.

Apumzike kwa amani katika siku ile ya saba, ambayo hakuna aliyeiandikia jioni.