Mjomba Lukeba Alishuka Kaburini

Amahoro, wasikilizaji wapendwa, kuanzia Gitaza hadi Kabonga. Leo namkumbuka Tahiri wa hapa Rumonge, rubani wa ndege ya mabomu, aliyefariki akiwa na miaka ishirini na sita. Mnaopiga simu studio kunikataza, pigeni mpaka mchoke. Nitasoma tanzia yake.

Tahiri alikufa kwa ajali. Nasema ajali, maana wakubwa wake walikuja na bendera na hotuba za ushujaa. Hakupigwa na adui. Alikuwa mazoezini, ndege haina bomu hata moja, tairi likapasuka wakati wa kutua. Ajali.

Baba yake alifariki mapema. Mama yake, Hadjara, anauza mawese sokoni. Aliyemfundisha kuogelea na kushika kasia ni mjomba wake Lukeba, mvuvi wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Likizo za shule mtoto alikuwa kule, anageuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, juani na kuiba za kutafuna.

Kisha vita ikawaka ng'ambo. Tahiri alipigana humo, kutoka juu. Siku moja bomu lake likaangukia mwalo wa mjomba. Mitumbwi iliungua. Yasmini, mke wa Lukeba, alikatwa mguu. Hadjara alimpigia mwanawe simu: ni wewe? Akajibu, "Mama, kule juu hauone batu. Unaona alama tu." Jibu la kijinga, na marehemu anisikie.

Sasa nyinyi. Alipokuja likizo na sare na miwani, mlipigana vikumbo mpige naye picha. Juzi vijana wa mtaa wakakataa kubeba jeneza. Wanawake wakamwambia Hadjara, tena mbele ya msiba, "Mutoto umuleavyo ndivyo akuavyo." Wanafiki wakubwa! Hadjara alimlea kwa mawese, hakumlea kwa mabomu.

Kwenye ukoo wao, baba akiwa hayupo, mjomba ndiye anayeshuka kaburini kupokea maiti. Hadjara alikaa barazani akitazama njia ya ziwani. Hakuna aliyedhani Lukeba atakuja. Alikuja. Alivua viatu, akashuka, akampokea, akamlaza kuelekea kibla. Afisa mmoja akamnyooshea mkono. Lukeba akampita kama hakumwona. Kisha akaenda nyumbani kwa dada yake.

"Kaka, umemusamehe?" Hadjara akauliza.

"Nimezika mutoto ya dada yangu," Lukeba akasema. "Ule piloti, sijamuzika."

Hakunywa hata maji. Alirudi ng'ambo kwa Yasmini.

Pole, Hadjara. Mungu akupe subira. Pole na wewe, Yasmini, ambaye hotuba zote za juzi hazikukutaja. Mungu ampokee Tahiri, na maswali amuulize Yeye.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo mkikaa na chakula chenu, jiulizeni jambo moja. Siku ile mlipokuwa mnampigia makofi, mlidhani mabomu yake yanakwenda kwa nani?