Siku Denzil Alipokuwa Mgeni

Chai ya chupa ilikuwa inazunguka kwenye benchi la ufukoni, lakini Loveday hakuweza hata kushika kikombe. Mbele yao njia ya mawe ilielekea kisiwani, kwenye jumba la kale la mabwana wa Tregarrow. Maji yakitoka, watu hupita kwa miguu. Yakirudi, njia inamezwa. Sasa yalikuwa yanarudi. Mumewe, Denzil, aliyezeeka akiwapigia wageni kengele ya kuwarudisha, leo naye kaenda kutembea, kavaa suti yake ya harusi. Miaka yote jumba lile alikuwa analiona madirisha tu.

— Tulia, shemeji — alisema Kaa, aliyepewa jina hilo kwa kutembea upande upande. — Anakula keki huko.

— Keki gani! — akadakia Gazeti, mwenye habari zote za kijiji. — Kapotea. Kuna mpishi pale aliingia kutafuta chumvi, akaonekana Krismasi.

— Acha uongo wako!

— Haki ya Mungu! Au bibi mwenye jumba kaipenda ile suti.

— Mimi naona wamemfungia — Kaa akanong'ona. — Wanamtaka awe mzimu wao. Yule wa zamani kachoka.

Loveday akawageukia.

— Jamani, mume wangu hajui kuogelea, nyie mnacheka!

Maji yalishaanza kulamba mawe ya katikati.

Mama mmoja mgeni, akiwa na mbwa wake, akasimama mbele yao.

— Samahanini. Pale kwenye kibao wameandika maji yakianza kupanda kengele inapigwa. Leo anapiga nani?

Kaa akamtazama Gazeti. Gazeti akakitazama kikombe chake.

Loveday alikuwa ameshainuka anakimbia. Aliivuta kamba kwa mikono miwili, akilia, kengele ikalia pwani nzima. Ng'ambo, mlango wa jumba ukafunguka, mtu mwenye suti akatoka. Akapunga mkono. Kisha akaanza kushuka taratibu, hatua kwa hatua, kama alivyowafundisha wageni wote: ukisikia kengele usikimbie, mawe yanateleza, na muda bado upo.

— Kimbia, Denzil! — Loveday alipiga ukelele. — Kimbia! Kengele imechelewa!

Denzil akapunga mkono tena.