Mama Dirisha Aliyetunyima Sabuni

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, Mama Dirisha atastaafu rasmi baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka ishirini na tisa. Kamati ya sherehe imenipa mimi, dereva, kazi ya kuandika wasifu huu, kwa kuwa dereva ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokuwepo siku anaajiriwa. Wameniomba niandike kwa heshima. Nitajitahidi, ingawa huyu mama tumetaniana mpaka heshima yenyewe imekuwa butu.

Kwa wageni wasiotujua: chuo chetu kinafundisha Kiingereza kwa kumtumbukiza mtu humo mzima mzima. Wiki nane mwanafunzi analala hapa, anakula hapa, anagombana hapa, na yote hayo kwa Kiingereza. Kiswahili unakiacha getini. Sheria inawabana wanafunzi, walimu, mpishi, na hata dereva aliyeishia darasa la nne. Mwenye jambo lisilowezekana ila kwa Kiswahili anatoka nje, anasimama pembeni ya barabara, analimaliza huko, halafu anarudi ndani akiwa Mwingereza. Kwa hiyo ukipita ukaona watu wazima wawili wamesimama nje ya ukuta kwenye jua kali, na ndani kuna kivuli tele, ujue kuna msiba au kuna ugomvi. Mhasibu wetu alimposa mpishi pale pale, malori yakipita. Ilibidi aseme mara mbili.

Mama Dirisha aliajiriwa kutunza stoo. Mlango wa stoo ulikuwa umekwama, vitu vikawa vinatolewa kupitia dirisha la upande wa korido. Fundi seremala aliahidi kuja kuutengeneza wiki inayofuata. Bado tunamsubiri. Basi dirishani hapo ndipo zinapotoka sabuni, mablanketi, barua, funguo, na vibali vya kwenda mjini. Na hapo ndipo huyu mama, bila kumuuliza mtu, alipotunga utaratibu wake: hupewi kitu usichokiomba kwa Kiingereza. Kukosea unaruhusiwa. Kuonyesha kwa kidole, hapana.

Katika makundi ya mwanzo alikuja meneja mmoja wa benki, mtu wa tumbo na tai, aliyezoea kuletewa. Akafika dirishani akanyoosha kidole kuelekea sabuni. Mama Dirisha akakitazama kile kidole kwa makini sana, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mjukuu. Akasubiri. Meneja naye akasubiri. Siku tatu mzee wa watu alioga maji matupu. Siku ya nne alikuja na hotuba yenye salamu, utangulizi, sababu za kuomba, na shukrani za dhati, yote kwa ajili ya kipande kimoja cha sabuni. Mama Dirisha alimsikiliza mpaka mwisho, akampa sabuni, akampigia makofi.

Na hakuwahi kumcheka mtu aliyekosea. Sentensi ikimjia imevaa kiatu kimoja, aliipokea vizuri, kisha akamrudishia mwenyewe ikiwa imevaa viwili, bila kusema lolote kuhusu miguu. Hata dereva, aliyekuwa akiomba ufunguo wa gari kwa maneno mawili na mikono miwili, alijikuta siku moja ameomba kwa sentensi nzima, na hajui ilimtoka wapi.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa magumu kidogo. Mumewe ni mchomeleaji vyuma, mtu mpole, na Kiingereza hakijui. Mama akitoka kazini ulimi wake huchukua kama nusu saa kurudi. Nusu saa hiyo yeye husema Kiingereza, na mzee kwa upendo hujibu ndiyo, ndiyo mke wangu. Hivyo ndivyo friji lilivyopatikana kwenye nyumba ile. Shemeji, ukiyasoma haya, samahani, lakini ni wewe mwenyewe uliyenisimulia.

Siku za Alhamisi tunafanya mazoezi ya maisha. Dirisha hugeuka benki, kituo cha polisi, au zahanati, na Mama Dirisha ndiye huwa kila mtu. Amekuwa mwenye nyumba anayedai wapangaji wapunguze kelele. Amekuwa askari, na mwizi akawa dereva, kwa sababu walimu walisema sura yake haihitaji maandalizi. Lakini kazi aliyoiweza kuliko zote ni ugonjwa. Huyu mama alijua kuumwa! Alikohoa, aliweweseka, aliaga jamaa zake. Tulishamzika mara nyingi kabla ya chakula cha mchana.

Sasa niwaeleze habari ya Fundi Lifti, maana bila yeye leo tungekuwa tunaandika kitu kingine kabisa.

Huyu alikuja miaka sita iliyopita, binti wa fani ya lifti, mwembamba, mikono ya chuma. Kampuni ilikuwa imempa nafasi ya kwenda nje kusomea mitambo mikubwa, kwa sharti kwamba apate cheti chetu kwanza. Mama yake na wadogo zake walikuwa wakimtegemea yeye. Mtu anayening'inia kwenye shimo la ghorofa kumi na mbili kwa mkanda wa kiunoni, akifika mbele ya dirisha la stoo alikuwa anaganda. Midomo inacheza, sauti haitoki. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Ya nne ilipokwisha alikuwa hajatamka neno.

Sabuni hakupewa, msidhani. Alikuwa akiazima kwa wenzake, kwa ishara. Lakini kila jioni alirudi dirishani kujaribu, na Mama Dirisha aliliacha wazi hata baada ya saa ya kufunga. Walikaa hivyo, mmoja ndani mmoja nje, kama watu wanaosubiri basi moja.

Mkuu wa chuo hakuwa na subira hiyo. Jumatatu ya wiki ya tano akatangaza: Ijumaa ikifika huyu binti hajasema, arudi kwao, nafasi apewe mwingine aliye kwenye foleni. Dakika chache baadaye nikawaona yeye na Mama Dirisha wanatoka getini. Mimi nilikuwa nje naosha magurudumu, na magurudumu siku hiyo yalikuwa machafu sana, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mkuu, wewe ulianza kusema ukiwa na umri gani?" Mama akamuuliza.

"Hiyo nayo ni hoja, Mama?"

"Nakuuliza. Mtoto anakaa mwaka mzima anasikiliza tu, na hafukuzwi nyumbani."

"Huyu si mtoto, ni fundi. Kampuni wananipigia simu kila siku."

"Basi waambie fundi anasikiliza. Na ukimrudisha, tafuta mtu mwingine wa dirishani. Naondoka naye."

"Mama, usinitishe."

"Sikutishi, mwanangu. Nakuaga."

Akarudi ndani akamwacha na malori. Na mwenye kumjua Mama Dirisha anajua kwamba hakuwa na mzaha. Ijumaa hiyo tungepoteza wawili.

Alhamisi zoezi likawa zahanati. Mama Dirisha mgonjwa, amelala kwenye benchi. Daktari ni mwanafunzi mmoja mwuza bima. Fundi Lifti, kwa kuwa hasemi, akapewa nafasi ya ndugu wa mgonjwa: akae tu amshike mkono. Dereva alikuwa mgonjwa wa pili, majeruhi wa pikipiki, amefungwa bendeji kichwani na kumwagiwa rangi nyekundu ya jikoni mpaka shingoni.

Mama akaanza kuugua. Akashika kifua, jasho likamtoka, uso ukabadilika rangi. Sisi tukatazamana: leo amejipita. Daktari akamuuliza anajisikiaje. Akajibu kwa Kiingereza safi, kwa shida, kwamba ni kama mtu amemwekea mfuko wa saruji kifuani. Mwuza bima akamsifu kwa mfano mzuri. Darasa likapiga makofi, na mimi na bendeji yangu nikapiga.

Ghafla Fundi Lifti akasimama.

"Jamani, huyu mama anaumwa kweli!"

Lo! Kiswahili, katikati ya darasa! Wote kwa sauti moja, kama Mama mwenyewe alivyowafunza, wakamkemea: "Kiingereza! Kiingereza!" Mwalimu naye akatikisa kichwa. Na Mama Dirisha, pale alipolala, amefumba macho, akainua kidole kimoja akakitikisa kumkanya. Nilimuuliza baadaye kama alikuwa anaomba maji. Akasema hapana, ilikuwa ni sheria.

Binti akatutazama mmoja mmoja. Halafu wiki tano zote zikamtoka kwa mpigo, kwa Kiingereza, na mimi nakitafsiri kama kilivyokuja:

"Nyinyi wote mjinga! Huyu mama si mchezo! Mkono yake baridi, mimi nashika, mimi najua! Wewe daktari uongo, toka! Wewe dereva, damu yako uongo, simama! Leta gari! Sasa! Sasa! Sasa!"

Hapo ndipo watu walipoinuka. Ombi lilikuwa limekuja kwa utaratibu. Wanaume wanne wakambeba Mama na benchi lake, nami nikaliwasha gari nikiwa na bendeji yangu kichwani.

Hospitali walipotuona tu, wauguzi wawili wakanidaka mimi. "Mzee tulia, usiongee, umepoteza damu nyingi." Nikawa napelekwa kwenye kitanda cha magurudumu huku nikipiga kelele kwamba mimi ni mzima, na wao wakisema ndivyo wanavyosema wote. Aliyeniokoa ni Fundi Lifti, aliyenivua bendeji mbele yao. Alikuwa ameanza kusema na sasa breki hakuna: mlinzi anamjibu kwa Kiswahili, yeye Kiingereza, muuguzi Kiswahili, yeye Kiingereza, mpaka akamfikisha Mama kwa daktari wa kweli. Daktari akamuuliza Mama maumivu yako wapi. Mama, kwa kuwa saa kumi ilikuwa haijafika na yuko kazini, akajibu kwa Kiingereza.

Daktari akanigeukia. "Mzee, huyu mgeni ametoka nchi gani?"

"Ametoka stoo," nikamwambia.

Ulikuwa ni moyo. Daktari alisema tungemaliza zoezi kwanza, tusingekuwa na haja ya kuja.

Kesho yake ni Ijumaa. Binti amesema, lakini ametanguliza Kiswahili ndani ya geti, na adhabu yake ni kufagia ukumbi wote. Walimu walitaka asamehewe. Mimi nikatumwa hospitali kumuuliza Mama, aliyekuwa amelala na mipira ya dawa mkononi. Akafungua jicho moja. "Afagie," akasema, akalifunga.

Akafagia. Na alivyokuwa na hasira, alifagia huku anasema peke yake, kwa Kiingereza: kuhusu sheria za watu wasio na akili, kuhusu vumbi, kuhusu ufagio usio na meno, na kuhusu viatu vya Mkuu vinavyolia kama panya. Mkuu alikuwa nyuma ya mlango. Alisimama pale mpaka ukumbi ukaisha. Kisha akaniita nje ya geti.

"Dereva, kamwambie Mama fundi habanduki hapa."

"Kwa hiyo amesema, Mkuu?"

"Amenisema mimi."

Nikaendesha mpaka hospitali kwa mwendo ambao nisingependa kuuandika kwenye karatasi ya chuo. Mama aliposikia, alicheka mpaka muuguzi akanitoa chumbani.

Fundi Lifti alipata cheti akaondoka kabla Mama hajarudi kazini, na hawajaonana tangu siku ile ya benchi. Kwenye simu huongea sana, hilo shemeji anaweza kushuhudia. Leo binti ana kikosi chake cha mafundi, na majengo anayopanda mimi nikiyatazama tu shingo inauma. Naye Mama aliendelea na dirisha lake miaka sita mingine, kundi baada ya kundi, akinyima na kugawa. Walimu wapya waliwahi kupendekeza vitu vigawiwe tu mabwenini ili kuokoa muda. Mkuu ndiye aliyekataa. Alisema muda wa pale dirishani ni sehemu ya masomo, akaingia ofisini kwa viatu vyake vile vile.

Fundi Lifti amepiga simu: amepata ruhusa, atakuwepo siku ya sherehe, na ameomba kusema. Kamati imempa dakika tano. Kwa niaba ya sote tuliokuwa tukipiga makofi siku ile, namwomba mshereheshaji asimtazamie saa. Lugha achague mwenyewe. Na akisimama akanyamaza kwanza, msikohoe, msimpe neno, msimshangilie. Mama atakuwa ameketi mbele yake, na Mama anajua kusubiri.

Mama Dirisha, asante kwa yote uliyotupa na yote uliyotunyima. Pumzika. Tunakuombea miaka mingi ya usingizi wa mchana, na moyo usiorudia utani ule. Jumatatu usije kazini. Sasa ni zamu yetu kuja kwako, tukupigie hodi.